Rangi ya Gari la Marehemu Abdulwahab

Lori lililobeba gari la marehemu Abdulwahab lilifika Chang'ombe saa nne asubuhi, na kufika saa nne na nusu mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Haikuwa kawaida. Magari yanayoletwa kwa fundi Damas ni yale yale: Noah zilizokwaruzwa na bajaji, malori ya mahindi ya Kibaigwa yaliyobabuka, na siku ikiwa njema, gari la mkubwa fulani aliyegonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Hili lilikuwa Datsun ya mbio ya mwaka sabini na mbili, milango miwili, boneti refu kupita kiasi, limekaa chini hata mbuzi wa jirani akalitazama usawa wa macho. Rangi yake haikujulikana. Miaka thelathini lilikuwa limelala bandani huko Haubi, Kondoa, na kila aliyepata kopo la rangi katika miaka hiyo alikuwa amelipaka alichonacho.

Aliyelileta ni binti wa marehemu, Bi Shamila, ofisa wa wizara aliyehamia Dodoma na serikali kama wengine. Alieleza shida yake akiwa amesimama, mkoba begani. Injini ilikwisha kufufuliwa na fundi mwingine. Binti yake anaolewa Desemba, na ataondoka nyumbani ndani ya gari la babu yake. Kilichobaki ni rangi.

"Rangi sichagui mimi," alisema. "Nimeulizia mji huu, kila mtu ananitajia jicho lako. Chagua wewe, fundi. Ukishapata, tutakuja kutazama."

Fundi Damas aliitikia polepole, kwa sauti ya mtu aliyevalishwa nishani. Mkewe, Penina, aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni, aliinua kichwa, akamtazama mumewe, kisha akarudi kwenye mchicha wake.

Sababu ya kutazama vile ni kwamba fundi Damas haoni rangi. Si kipofu. Anaona mwanya wa mlango usiokaa sawa akiwa upande wa pili wa barabara. Lakini miaka thelathini ya kupuliza rangi bila kinyago, akinusa tina ya kuyeyushia rangi asubuhi hadi jioni, ilikuwa imemla kidogo kidogo, na sasa nyekundu, kahawia na kijani kwake ni ndugu watatu wanaofanana. Daktari alimwambia wazi kwamba hakuna upasuaji wa jambo hilo. Avae kinyago ili asipoteze na kilichobaki. Ni miaka sita sasa. Aliyejua ni Penina peke yake.

Na aliyeikoa kazi ni Penina huyo huyo. Wote wawili ni Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro, na lugha yao ile inayogongwagongwa kwa ulimi hakuna aliyeijua pale mtaani. Basi Damas akiwa anachanganya rangi mbele ya wateja, Penina alikaa jikoni kwake nje, mwiko mkononi, akimwambia kwa Kisandawe: ongeza njano, hapo imezidi, simama. Ili watu wasishuku, aliyasema kwa sauti ya ukali, kama mwanamke anayemgombeza mume kwa hela ya matumizi. Wateja walimhurumia Damas. Majirani walimwita Penina mwanamke mwenye mdomo, na wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani walikwisha kumkalisha mara mbili kumfundisha upole. Alisikiliza, akashukuru, akarudi kugomba.

Kwa jinsi hiyo jicho la Damas lilisifiwa mpaka Msalato. Sasa jicho hilo lilikuwa limepewa gari ambalo mji mzima ungelitazama.

*

Kuchagua rangi ya gari Dodoma si jambo la mchezo. Damas alifanya kama afanyavyo siku zote: alipuliza vipande vya bati, kila kimoja rangi yake, akavitundika kwenye uzio vipigwe na jua. Majirani walikuja na maoni yao bila kuitwa. Kijani kilikataliwa, watu watasema ni la chama, na wasiosema chama watasema Yanga. Nyekundu ni Simba. Nyeupe ni ya magari ya ofisi, nyeusi ni ya vigogo na maiti, njano ni ya mabasi ya shule. Kila rangi ilikuwa na mwenyewe. Mzee Thomas wa duka la dawa za mifugo alipendekeza maji ya kunde kwa sababu haionyeshi vumbi, akaulizwa kama bibi harusi naye avae maji ya kunde.

Siku ya tano Penina alikuwa akianika nguo. Ilikuwa mwisho wa Novemba, joto limekaza, na watu wote walikuwa wakitazama upande mmoja wa mbingu bila kuambiana. Wingu lilikuwa limesimama juu ya vilima, la kwanza msimu ule. Alilitazama hadi mumewe akamuuliza kama ameona nyoka. Aliacha nguo kwenye beseni, akaenda kwenye makopo, akaanza kuchanganya mwenyewe: bluu, nyeusi kidogo, nyeupe ya kulainisha, na tone moja la zambarau alilolipima kwa ncha ya kijiti. Aliharibu mara tatu. Mara ya nne alimpa Damas, akapuliza.

"Hii ni nini?" Damas aliuliza, maana yeye aliona kijivu tu.

"Wingu la mvua ya kwanza. Lile lenye maji kweli, si lile la kudanganya."

Damas alisita. Alisema gari la harusi hutaka kitu cha kung'aa, na wao si watu wa kumfundisha ofisa uzuri. Penina alimjibu kwamba hajawahi kuona Mgogo, Msandawe au mtu wa Kondoa akitazama wingu lile akakunja uso. Walibishana mpaka ugali ukaungua. Mwishowe walikubaliana kwamba bati lile likae nyuma ya mengine, lioneshwe mwisho, mteja akiwa ameshakataa yote.

*

Bi Shamila alikuja Jumamosi na watu wawili. Mmoja ni Faridi, mdogo wake, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliyelipaki gari lake jipya kivulini na kuuliza kabla ya salamu kama pale ndipo kweli. Wa pili ni mama yao, Bi Nasra, mwanamke wa miaka themanini, mfupi, mchangamfu, aliyeteremka kwa kushikwa mkono lakini akaongea bila kushikwa. Damas na Penina walimwamkia shikamoo, akawaitikia na kuuliza kwao ni wapi. Damas, akihangaika na viti, alisema Chemba. Chemba ni wilaya kubwa. Bi Nasra hakupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Majirani saba au wanane walikuwa wamesogea uzioni. Damas alianza kuonyesha mabati, na Penina akaanza kugomba kutoka jikoni. Bati la kwanza lilipita salama. La pili pia. La tatu Damas alilishika kwa muda mrefu kidogo, na Penina akapandisha sauti: hiyo ni damu ya mzee, sema damu ya mzee, usije ukasema kahawia kama juzi.

"Hii sasa ni damu ya mzee," Damas alisema.

Bi Nasra akacheka. Alimgeukia Penina na kumjibu kwa Kisandawe, kwa ulimi unaogonga mahali pote panapostahili. Mwiko ulimtoka Penina mkononi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba marehemu Abdulwahab aliuza chumvi na kanga mnadani Kwa Mtoro miaka kumi na minane, na kwamba aliyekuwa akipatana bei na akina mama wa huko ni mkewe.

"Mama, kuna nini?" Shamila aliuliza.

"Wananifurahisha hawa," Bi Nasra alisema, bado anacheka. "Mke anamsomea mume rangi. Anamwambia sema hivi, usiseme vile, kwani mumewe haoni?" Kisha alimwona Damas usoni, na kicheko kikamkauka. Alitaka kusema neno la kufunika, lakini Faridi alikuwa ameshasimama.

Faridi aliokota vifuniko viwili vya makopo, akaviinua.

"Fundi, samahani. Kati ya hivi viwili, kijani ni kipi?"

Damas alivitazama. Angeweza kukataa, angeweza kukasirika, lakini alikuwa mtu wa kujibu mteja.

"Hicho cha kushoto kwako."

Kimoja kilikuwa chekundu na kingine bluu. Kijani hakikuwepo. Mtu mmoja uzioni alicheka, mwingine akamnyamazisha, na ule unyamazishaji ulimuuma Damas kuliko kicheko. Faridi alivirudisha vifuniko chini taratibu, bila ubaya wowote wa wazi, akajifuta vidole na kitambaa. Alimwambia dada yake kwamba Dar es Salaam kuna karakana yenye mashine ya kuchanganya rangi, na mashine haihitaji kugombezwa.

Bi Shamila hakumtazama fundi. Alisema asante kwa muda wao, na kwamba lori litakuja kesho asubuhi kulichukua gari. Bi Nasra aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, na mara hii alishikwa mkono kwelikweli.

*

Jioni ile Damas alikula matonge mawili, akanawa.

"Walichukue," alisema. "Na kesho nitaondoa kibao cha nje. Nitaomba kazi ya kupiga msasa kwa mtu."

Penina alikusanya vyombo vyote kwanza. Kisha alikaa mbele yake, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho, kwa kawaida hukaa ubavuni.

"Miaka sita mtaa huu unaniita mwanamke wa kugomba, Baba Zipora. Mwanangu aliulizwa chuoni Hombolo kama ni kweli mama yake anampiga baba yake. Nilinyamaza, nikasema jina la mume wangu ni kubwa kuliko langu. Lakini leo wamekuumbua, na mimi nimekaa pale na mwiko kama sihusiki. Hilo ndilo lililoniuma. Rangi zile ni zangu. Sina haja ya kuzionea aibu."

Damas aliangalia mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, na yeye alijua.

"Nilidhani nalinda jina langu," alisema. "Kumbe nilikuwa nalila lako."

Walilala mapema, na kwa mara ya kwanza tangu gari lile lishushwe, wote wawili walipata usingizi.

*

Lori lilikuja saa mbili. Faridi alilifuata na gari lake, na ndani walikuwamo Shamila na mama yake, aliyekataa kubaki nyumbani. Majirani walikuwa uzioni kabla ya wote. Vijana wa lori walipoanza kufungua kamba, Damas alitoka ndani amevaa ovaroli safi, akasimama mbele ya boneti refu. Penina alikuwa kando yake.

"Gari ni lenu, nawapeni," alisema, na aliongea kwa sauti ya kuwafikia wa uzioni. "Ila mlichukue mkijua ukweli kutoka kwangu. Sioni rangi. Mwaka wa sita huu. Kila rangi mliyoisifia, geti la kanisa, basi la shule, gari la mkurugenzi, aliichanganya huyu mke wangu. Alipokuwa akigomba, alikuwa anafanya kazi. Mimi napuliza tu, na kupuliza naweza, sijaona wa kunizidi mji huu. Jicho mlilolifuata lipo. Liko kichwani kwake."

Minong'ono ilikimbia uzioni. Mama mmoja wa jumuiya, aliyewahi kumfundisha Penina upole, alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Faridi alisema ni maneno mazuri, lakini harusi haifanywi kwa maneno. Hapo Penina akamjibu, kwa Kiswahili, na hakugomba hata kidogo.

"Kaka yangu, mlango wa nyuma wa gari lako uligongwa, ukapakwa upya. Jana ulinisumbua macho tangu mlipofika."

Faridi aligeuka. Gari lake lilikuwa la rangi ile ya siku hizi, si nyeupe wala si dhahabu, na mlango wa nyuma ulikuwa umepakwa Dar es Salaam kwa rangi iliyochanganywa na mashine. Kivulini haukuwa na shida kwa macho ya wengine. Lakini sasa jua la saa mbili lilikuwa limeulamba ubavu wote, na kiraka kikaonekana, ukubwa wa sinia, kimepauka kuelekea kijani. Shamila alisogea akakitazama. Alisema kumbe ndiyo maana kila siku alihisi gari hilo lina kasoro asiyoijua.

"Nipeni muda wa saa mbili nikifute hicho kiraka," Penina alisema. "Nikishindwa, lori si lipo?"

Faridi alimtazama dada yake, akatoa funguo. Hakuna aliyewahi kumwona Penina akifanya kazi hadharani. Alilitazama gari la Faridi juani, kisha kivulini, kisha akachuchumaa akalitazama kwa ubavu. Alichanganya kwenye kopo la maziwa ya unga, tone kwa tone, akipaka kijiti na kungoja kikauke, kwa sababu rangi mbichi humdanganya kila mtu, hata mwenye macho. Damas alipiga kiraka msasa, akakipapasa kwa kiganja akiwa amefumba macho, akaziba pembeni kwa magazeti. Walisemezana waziwazi. Ongeza kidogo, Mama Zipora. Tayari, piga. Damas alivaa kinyago, akawasha kompresa, na mkono wake ukaanza kwenda na kurudi, umbali ule ule, mwendo ule ule, akiisikiliza rangi inavyotua. Hata vijana wa lori waliacha kutafuna miwa.

Vanishi ilipokauka na magazeti kubanduliwa, Faridi alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya safari. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alirudi nyuma hatua tano, akasogea tena.

"Kilikuwa wapi?" aliuliza.

Watu walicheka, na safari hii kicheko hakikumuuma mtu. Faridi mwenyewe alicheka mwishoni, kisha akasimama na kumpa Penina mkono. Penina aliufuta wake kwanza kwenye kanga.

Ndipo Shamila akauliza kuhusu gari la baba yake. Penina alikwenda uzioni, akatoa bati lililokuwa nyuma ya mengine, bati ambalo jana hawakufika kulionyesha. Aliliinua juani.

"Kijivu?" Faridi alisema. "Hapana, ni bluu. Ngoja, ni kama wingu la mvua. Dada, hii rangi ina huzuni. Harusi na wingu wapi na wapi?"

Bi Nasra aliomba bati lile, akaliweka magotini. Aliligeuza huku na huku, na ile zambarau kidogo ikaja na kwenda.

"Umekaa sana Dar es Salaam, mwanangu," alisema. "Kwenu mvua inawaharibia viatu." Alimtazama Penina. "Baba yao akiliona wingu hili juu ya mlima alikuwa anasimamisha gari katikati ya njia. Anazima. Ananiambia, Nasra, mwaka huu tutakula. Mzigo wa watu nyuma, safari ndefu, yeye kasimama anatazama mbinguni. Nilikuwa namfokea."

Shamila alikuwa analia na hakujificha. Aliwaambia vijana wa lori warudi zao, atawalipa safari yao. Kisha alimgeukia Penina, si Damas, akamuuliza anahitaji siku ngapi.

*

Waliolitengeneza lile gari walikuwa wawili, na kazi ilichukua siku kumi na moja. Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Bwana harusi aliliendesha mwenyewe, bibi harusi pembeni, na lilipopita barabara ya Kondoa wauza zabibu walisimama. Hakuna aliyesema chama, hakuna aliyesema Simba wala Yanga. Mzee Thomas alifunga duka lake la dawa za mifugo nusu saa nzima ili alione likipita, na jioni alikuwa akiwaeleza watu kwamba rangi ile yeye aliikubali tangu mwanzo. Mama wa jumuiya alipita kwa Penina na bakuli la karanga. Hakusema amekuja kuomba radhi, na Penina hakumlazimisha. Walikaa wakazimenya pamoja.

Jumatatu yake alifika mtu na lori kutoka Kibaigwa, mzito, mwenye kofia, aliyesema ametumwa na watu watatu tofauti. Damas alikuwa chini ya ukuta anasafisha bomba lake la kupulizia.

"Shikamoo mzee. Samahani, namtafuta fundi wa rangi. Yule mwenye jicho. Ni wewe?"

"Marahaba," Damas alisema. "Mimi napuliza. Fundi anasonga ugali. Kaa hapo kivulini."

Mgeni alikaa, akitazama huku na huku kama aliyeambiwa kitu asichokielewa vizuri. Damas aliweka bomba chini, akasimama, akageukia jikoni. Hakusema Penina, wala hakusema Mama Zipora. Aliita kwa sauti kubwa, mtaa usikie:

"Fundi, una mteja."